Nijitambulisheje ughaibuni ili watu wanijue mimi, si nchi yangu tu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 31 na ninaishi nje ya nchi kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Nilikuja kwa ajili ya kazi. Kila ninapotakiwa kujitambulisha, iwe kwenye darasa la lugha, kazini au penye watu nisiowajua, nasema yale yale: jina, nchi ninayotoka, kazi yangu, halafu kwamba napenda kusoma, kusikiliza muziki na kusafiri. Watu wanatabasamu, zamu inahamia kwa mwingine, basi. Akitokea wa kunifuata baadaye, ananiuliza habari za nchi yangu tu, kama vile nimetumwa kuiwakilisha. Nyumbani nilikuwa nacheza netiboli na nilikuwa nashona nguo zangu mwenyewe, lakini hayo siyataji. Naona ni mambo madogo. Lugha ya huku bado naiokoteza. Niseme nini kuhusu mimi, na niseme kiasi gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma haraka haraka hadi nilipofika kwenye kushona, hapo nikasimama. Nikataka kujua unashona nini, kwa cherehani au kwa mkono, nani alikufundisha, na kama cherehani ulisafiri nayo au uliiacha. Maswali hayo yalikuja yenyewe bila mimi kuyatafuta. Kwenye kusoma, muziki na kusafiri halikunijia hata moja. Na wale wa darasani kwako ni watu kama mimi tu. Ulichowaficha ndicho ambacho kingewafanya wakugeukie.

Anayekusikia ukijitambulisha anahitaji kwako kitu kimoja, nacho ni pa kuanzia. Hakujui, hivyo hajui akuulize nini. Ukimpa nchi atakuuliza nchi, kwa sababu katika yote uliyosema hilo ndilo pekee lililokuwa geni kwake. Wengi wao hawakukusudia kukufanya balozi. Umewaachia mlango mmoja wazi nao wakapita humo humo. Kusoma, muziki na kusafiri ni kweli tupu, sina shaka, ila karibu kila aliyemo chumbani angeweza kuyasema kwa niaba yako. Jibu lake ni "hata mimi", na baada ya "hata mimi" mazungumzo hayana pa kwenda.

Kabla hujaanza kujilaumu, ujue pia kwamba ule mzunguko wa darasani, wa kila mtu kujitambulisha kwa zamu, ni mahali pabaya pa kusikilizwa. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Malcolm Brenner aliwaketisha watu kwa mzunguko, kila mmoja akasoma neno kwa sauti zamu yake ilipofika, kisha akapima wanakumbuka nini. Yaliyosahauliwa zaidi ni maneno yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu ya msahaulifu mwenyewe. Ina maana aliyeketi baada yako hakukusikia. Alikuwa anayapanga ya kwake kichwani. Wewe nawe, ukijichunguza, sidhani kama unamkumbuka aliyekutangulia. Kwa hiyo kwenye mzunguko usimwage maisha yako. Sema sentensi mbili zenye jambo moja linaloshikika, kisha zamu yako ikishapita tega masikio kwelikweli na uchague watu wawili utakaowafuata wakati wa mapumziko. Mimi nawaambia wanafunzi wangu kwamba mzunguko ni tangazo tu na mapumziko ndiyo mkutano.

Jina lako litamke polepole kuliko unavyodhani inatosha. Mtu amelisema jina lake mara nyingi mno maishani, hivyo hulitoa kwa kasi, na asiyelizoea hubaki na mlio tu. Litamke, nyamaza kidogo, ndipo uendelee. Wakilikosea, lirudie bila kucheka wala kuomba radhi. Ukitaka kuwapa kifupisho, kiwe unachokipenda wewe, si kile alichokubandika mtu wa kwanza aliyeshindwa kulitamka, maana kikishazoeleka kazini kukiondoa ni tabu. Na wakilisahau usione umedharauliwa. Mwaka 1987 mtafiti McWeeny na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa sura wasizozijua, kila sura na jina la ukoo na kazi yake. Kazi zilikumbukwa kwa urahisi kuliko majina, hata pale neno lilipokuwa lile lile, kwa mmoja limetolewa kama jina na kwa mwingine kama kazi. Kazi unaweza kuiwaza mtu akiifanya. Jina tupu halina cha kuwaza. Ndiyo maana nataka jina lako litoke likiwa limefungamana na tendo. Atakayelisahau atasema "yule anayeshona", na huyo atarudi kukuuliza tena unaitwa nani.

Swali la unatoka wapi halikwepeki, wala sikushauri ulikwepe. Wapo wanaolijibu kwa ukali au kwa mafumbo, na nawaelewa, kwa sababu kulijibu kila siku ya Mungu kunachosha. Lakini wengi wanaouliza hawana jingine la kushika. Lijibu kwa ufupi halafu usisimame hapo, endelea moja kwa moja hadi kwenye jambo la sasa: "Natoka nchi fulani, nilikuja kwa kazi, na tangu nifike natafuta watu wa kushona nao." Mwenzako sasa ana mambo mawili ya kuchagua. Wengi huchagua la pili, kwa kuwa hilo wanaweza kulichangia. Atakayeng'ang'ania siasa na maafa aliyoyaona kwenye habari, una haki ya kumwambia kwamba hilo huna la kuongeza, kisha umrudishie swali lako. Hukuajiriwa kulieleza bara zima.

Sasa tufike kwenye mambo unayoyapenda, maana hapa ndipo watu wengi wanapojinyima. Wanataja aina ya jambo na kuliacha jambo lenyewe. "Muziki" ni aina. "Naimba sauti ya tatu na tangu nihame sijapata kwaya" ni jambo. "Kusoma" ni aina. "Nasoma riwaya za upelelezi, na sasa najilazimisha kuzisoma kwa lugha ya hapa, kwa hiyo muuaji namjua wiki mbili baada ya kila mtu" ni jambo, tena linachekesha. "Michezo" haimwambii mtu chochote. "Nakimbia asubuhi kabla ya kazi na bado sijajua njia isiyo na magari" kutamfanya mwenyeji atoe simu akuonyeshe ramani.

Angalia kinachozifanya sentensi hizo ziitikiwe. Ndani yake kuna mtu anayefanya kitu, na kuna kitu kinachopungua: anatafuta, amekwama, hajui, anaanza upya. Huo upungufu ndio unaomwita msikilizaji. Watu hupenda kumsaidia mgeni katika jambo dogo wanaloliweza, na kumwambia mtu "sijajua huku vitambaa vya pamba vinauzwa wapi" ni kumpa nafasi hiyo. Asiyejua atamwita anayejua. Mtu akisema kwamba ameshona miaka kumi, ana cherehani tatu na hajawahi kununua nguo dukani, tutampongeza, kisha tutamwacha na cherehani zake.

Umesema kushona na netiboli ni mambo madogo. Sikubaliani nawe, na nadhani najua wazo hilo limetoka wapi. Aliyehama huwa amepita mbele ya maofisa wengi hadi amezoea kujieleza kwa yale yanayopendeza kwenye fomu: shahada, cheo, mwajiri, miaka ya uzoefu. Akiulizwa anapenda nini, mkono ule ule uliojaza fomu unaendelea kuandika, na unachagua yanayoonekana ya heshima. Nimewasikia wageni wakikiri kwa sauti ya chini, kana kwamba wametenda kosa, kwamba wanafuga samaki wa mapambo, wanafungua redio mbovu, wanatazama upya mechi za miaka ya nyuma, wanajua ratiba za treni kwa moyo. Darasa zima lilikuwa likiwageukia. Aliyesema anapenda kusafiri hakugeukiwa na mtu.

Kuna watakaosoma hapa wakaguna kwamba wao hawana lolote. Wanafanya kazi zamu mbili, wanarudi, wanalala. Hao nawauliza: ni kitu gani unakifanya hata usipoambiwa? Simu ikiwa mkononi usiku, unatafuta nini? Ukipita kwenye duka kubwa, unasimama mbele ya rafu gani bila nia ya kununua? Jibu huwa lipo. Na kama jambo lenyewe lilikatika ulipohama, liseme kwa wakati wa sasa. Hebu tazama ulivyoniandikia mwenyewe: "nilikuwa nacheza", "nilikuwa nashona". Ukimwambia mtu hivyo atakuonea huruma kidogo halafu atanyamaza, kwa sababu umemsimulia jambo lililokwisha. Mwambie "nataka kuanza tena kucheza" uone atakavyoanza kufikiri ni nani anayemjua.

Netiboli ina shida yake, kwamba ziko nchi nyingi zisizoijua kabisa. Usiiache kwa sababu hiyo. Ni mchezo uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mpira wa kikapu, ambao James Naismith aliubuni Marekani mwaka 1891. Kwa hiyo unaweza kuueleza kwa sentensi moja popote duniani: ni kama kikapu, ila hudundi mpira ukikimbia nao, na ukishaudaka hutembei nao. Anayependa kikapu atabisha papo hapo kwamba hilo haliwezekani, na kubishana juu ya mchezo ni njia nzuri mno ya kujuana. Kama huko hakuna timu ya netiboli, timu ya kikapu au ya wavu ya watu wazima wanaoanza itakupa watu wa aina ile ile uliokuwa ukicheza nao.

Uliuliza useme kiasi gani. Mwaka 1973 wanasaikolojia Irwin Altman na Dalmas Taylor walieleza kwamba watu hufahamiana kwa tabaka, kuanzia ya juu juu kuelekea ya ndani, na kwamba kinachosukuma ukaribu ni kupeana: mmoja anafungua kidogo, mwingine naye anafungua. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake walichapisha jaribio ambalo baadaye lilivuma sana. Watu wawili wasiojuana walipewa maswali 36 yaliyopangwa kutoka mepesi hadi mazito, wakaulizana kwa muda wa dakika 45 hivi, na mwisho wakajiona wako karibu zaidi kuliko wale waliopewa maswali ya mazungumzo ya kawaida. Siku hizi watu huyachomoa yale maswali mazito ya mwisho wakayatupa mezani siku ya kwanza, wakisahau kwamba kwenye jaribio yalifikiwa hatua kwa hatua, na kwamba wote wawili walikuwa wakijibu.

Nalisema hili kwa sababu upweke wa ughaibuni humfanya mtu amwage. Amekaa siku nyingi bila mtu wa kuzungumza naye, anapata sikio moja, na kwa saa nzima anatoa ndoa iliyovunjika, bosi anayemwonea na karatasi zinazokaribia kuisha muda. Msikilizaji anaondoka amejaa vitu asivyojua avifanyie nini, na wiki inayofuata anakaa meza nyingine. Toa kidogo, ngoja naye atoe, ndipo utoe tena. Asipotoa, bakia kwenye kushona. Kushona kunaweza kuwaweka pamoja mwaka mzima bila nyinyi kuambizana siri hata moja, na urafiki ukawa urafiki.

Yapo mambo ambayo siku ya kwanza hayana nafasi hata mwenzako awe mwema vipi: unapoishi hasa, kwamba unaishi peke yako, hali ya kibali chako, mshahara wako, siku utakazokuwa safarini. Matapeli wanaowawinda wageni huanza kirafiki kwa kuuliza hayo hayo. Kisha huja na nyumba ya bei poa inayotaka malipo ya awali, kazi isiyohitaji mkataba, au jamaa anayeweza "kuharakisha" karatasi. Kwenye ukurasa wako wa mtandaoni zidisha tahadhari, usiweke picha inayoonyesha kitambulisho cha kazini, pasipoti au mandhari ya dirishani kwako. Watu wa nchi yako mnaokutana huko wanastahili tahadhari hiyo hiyo. Kuongea lugha moja hakumfanyi mtu awe wa kuaminiwa, ingawa moyo ukiwa mpweke hutaka iwe hivyo.

Kuhusu lugha, lawama nyingine ni ya vitabu vya kufundishia. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 mfumo wa viwango unaotumika sasa mahali pengi, wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Kujitambulisha kumewekwa kwenye A1, ngazi ya chini kabisa: kutaja jina, kueleza unapoishi, watu unaowajua na vitu ulivyonavyo. Kwa kuanzia ni sawa. Ubaya ni kwamba mwanafunzi anamaliza sura hiyo akiamini kujitambulisha amekumaliza, wakati sentensi ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote. Tabu huja kwenye ya pili, pale mtu anapouliza "unashona nini?" na maneno yote unayoyajua ni ya benki na ya stesheni.

Kwa hiyo chukua jambo lako moja ujifunze maneno yake kabla ya msamiati mwingine wowote. Kwa kushona hayazidi thelathini hivi: uzi, sindano, cherehani, bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani), zipu, kifungo, pindo, kiuno, kola, kitambaa, kupima, kukata, kufumua, kupunguza, kubana, kulegea, na mengine ya jamii hiyo. Yatafute kwenye video za mafundi wa huko, kwani mikono yao inaonekana na maana unaipata bila kamusi. Ukiwa nayo, utaongea kuhusu kushona vizuri kuliko unavyoongea kuhusu kitu kingine chochote. Tena utakutana na wenyeji ambao hawajui bobini inaitwaje kwa lugha yao wenyewe. Kwa dakika mbili tatu wewe ndiye utakuwa mjuzi na wao wanafunzi, na mgeni anahitaji dakika za namna hiyo.

Usianze kwa kuiombea radhi lugha yako. "Samahani, siongei vizuri" humlazimu mwenzako akufariji, na kazi ya kufariji si nzuri kumpa mtu mliyekutana sasa hivi. Mwambie kitu anachoweza kukitumia: "Bado najifunza, ukisema polepole naelewa." Iseme mara moja, iache. Makosa unayoyafanya wanayaona machache kuliko unavyodhani. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake, kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, vazi ambalo mwanafunzi wa pale angeona haya kulivaa, kisha wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha. Walioitambua walikuwa takribani robo. Na mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba wageni wakishazungumza, kila mmoja huondoka akiamini amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Ukirudi nyumbani unajisemesha kwamba umeharibu, huko nako kuna mwenzako anajisemesha vivyo hivyo.

Ukishasema la kwako, uliza. Karen Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliona, katika utafiti wa mwaka 2017, kwamba wanaouliza zaidi hupendwa zaidi na wanaozungumza nao, na lenye nguvu ni lile swali linalofuatia alichotoka kukisema mtu. Kwa mwenye lugha changa hii ni habari njema, kwa kuwa swali la namna hiyo ni fupi. "Tangu lini?" "Ulijifunzia wapi?" "Kigumu zaidi ni nini?" Hayo matatu yanatosha kwa karibu kila jambo ambalo binadamu hulipenda, na majibu yake yatakufundisha maneno mapya bila ada.

Sasa kuna kitu ambacho utambulisho hata uwe mzuri vipi hauwezi kukifanya. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas aliwachunguza watu wazima waliohamia mahali papya na wanafunzi waliotoka kuanza chuo, akikadiria saa walizokaa na mtu mpya na ukaribu waliofikia. Katika makadirio aliyoyatoa mwaka 2018, kutoka kujuana tu hadi urafiki mwepesi kulichukua saa 50 hivi, hadi urafiki kamili saa 90 hivi, na rafiki wa karibu alihitaji zaidi ya saa 200. Piga hesabu. Kikundi kinachokutana saa mbili kwa wiki kitakupa saa 50 baada ya nusu mwaka. Hafla ya jioni moja yenye watu mia itakupa saa tatu, tena kwa watu utakaowaona mara moja tu. Ndiyo maana nakuomba usitumie nguvu nyingi kwenye hafla. Nenda kule ambako sura ni zile zile kila wiki, ambako ukikosea kujitambulisha leo una wiki ijayo ya kujieleza upya.

Miezi yako kumi na minne nayo ina neno. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti wa Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, akakuta kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu zaidi ya kuzoea kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Tafiti za baadaye hazikukuta hali hiyo kwa kila mtu, nami simwambii mtu kwamba mwezi wa 19 utamwamsha akiwa mwenyeji. Ila mara nyingi katika muda huo mambo mapya yameshachosha na marafiki bado hawajapatikana, na mtu hudhani kasoro ni yake.

Sentensi yako usiibebe kila mahali ilivyo. Kazini watu wanataka kwanza kujua waje kwako wakiwa na shida gani; kushona kutaje mwishoni, kwa maneno machache, halafu subiri wakati wa chai. Kwa jirani jina na namba ya mlango vinatosha. Lingine lolote litakuja kwenye ngazi. Mahali usipopajua adabu yake, usijitolee kuanza. Sikiliza watu wawili watatu wanasema nini na hawasemi nini, kama umri unatajwa, kama kazi inatajwa, ndipo ujipime. Na usitegemee kwamba kila atakayekuitikia atakuwa rafiki. Katika utafiti wake wa mwaka 1973, mwanasosholojia Mark Granovetter alikuta kwamba kati ya watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua, ni asilimia 17 hivi tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kujuana nao kwa mbali. Yule anayekupungia mkono tu na kukumbuka kwamba unashona anaweza siku moja kukutajia fundi anayetafuta msaidizi, au chumba kinachopangishwa.

Kwa darasa lijalo jaribu hivi, kwa maneno yako: "Naitwa fulani. Nashona nguo zangu mwenyewe, ila cherehani niliiacha nyumbani na sasa nashona kwa mkono, taratibu sana. Kuna anayejua mahali pa kuazima cherehani?" Nchi hukuitaja. Wataiuliza, na utawajibu, lakini safari hii litakuwa swali la tatu au la nne. Mtu akikwambia "shangazi yangu anayo" au "mimi pia nashona", usiishie kwenye "vizuri sana, tuwasiliane". Taja siku. "Jumamosi hii una nafasi?" Akisema hana, taja moja nyingine. Akikwepa tena, mwache, endelea kuwa naye mwema.

Ulizia pia kama huko uliko kuna Repair Café. Ya kwanza ilifanyika Amsterdam tarehe 18 Oktoba 2009, ikianzishwa na Martine Postma, na sasa zipo katika nchi nyingi. Watu huleta vitu vilivyoharibika, nguo zikiwamo, na wanaojitolea huvitengeneza pamoja nao bila malipo. Mwenye kushona huko anatafutwa. Hutahitaji hotuba, maana atakayekuja na zipu iliyokwama ataanza mwenyewe kukueleza, nawe utamjibu ukiwa umeinamia kazi, bila kumtazama machoni, jambo ambalo kwa mwenye lugha ya kuokoteza ni nafuu kubwa. Kipe kikundi hicho, au chochote utakachokipata, wiki sita hivi. Ukikuta wanaongea wao kwa wao tu, tafuta kingine bila kununa. Na ukienda nenda na mkasi wako mwenyewe, maana mikasi ya shirika huwa butu.